Umeme wa injini ya boti: kwa nini cheche iliyopo Mbeya hupotea ziwani

“Fundi, plagi nimebadilisha mara mbili, koili ni mpya, na cheche naiona kwa macho yangu mwenyewe. Sasa shida iko wapi?”

Swali hilo limenifikia mara nne tangu mvua zikatike, kila mara kutoka kwa mwenye boti ya zamani upande wa Kyela, na kila mara baada ya mtu kuwa ameshaacha hela kwenye gereji mbili au tatu. Jibu linalotembea mitaani ni moja: ng'oa platini, vile vidude vinavyoamua cheche itoke lini, funga za elektroniki mahali pake, utasahau habari za kukwama majini. Wengine wanaambiwa wanunue koili kubwa ya gari la mashindano. Wengine wanaambiwa chombo kimezeeka, wakiuze. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Mbeya, na boti nimezizoea kwa kuitwa Matema na Itungi miaka na miaka. Mkanganyiko huu unawala watu fedha. Na ukizimikiwa na injini katikati ya ziwa mwezi wa saba, upepo wa kusini ukiwa umeshaamka na miamba ya milima ya Livingstone ikikusubiri upande wa mashariki, habari ya fedha unaisahau kabisa.

Kwanza tuelewane tunazungumzia injini gani. Boti nyingi zenye injini za wavuvi wa Ziwa Nyasa zinasukumwa na mashine ya kupachika nyuma, ile inayoning'inia kwenye tezi, ambayo jioni mtu anaifungua na kuibeba begani kwenda nayo nyumbani. Hiyo ina mfumo wake wa cheche unaotegemea sumaku za gurudumu lake, na leo siigusi. Nyingine zina injini ya ndani, yaani imelazwa ndani ya tumbo la boti na kufungwa bolti, na nguvu yake inapita kwenye shafti hadi kwenye pangaboi lililo chini ya maji. Injini ya ndani inaweza kuwa ya dizeli au ya petroli. Ya dizeli haina cheche kabisa. Hewa inabanwa mpaka inapata joto la kuyawasha mafuta yenyewe, na zile plagi unazoziona kwenye baadhi ya injini za dizeli ni za kupasha joto tu wakati wa kuwasha. Mtu akitaka kukuuzia koili ya injini ya dizeli, mwage.

Basi hapa nazungumzia injini ya ndani ya petroli, ya zamani, yenye platini. Zimebaki chache, lakini zilizobaki zinafanya kazi ya watu wengi.

Mfumo wake una vitu sita. Betri ya volti 12 inatoa umeme. Swichi ya funguo inauruhusu. Koili inaupandisha kutoka volti 12 hadi volti 20,000 na zaidi. Platini, ambazo ni vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana ndani ya distribyuta, zinaamua lini cheche itoke. Distribyuta yenyewe inaigawa cheche kwa kila silinda kwa zamu, kama mama anavyopakua ugali akizunguka sahani moja baada ya nyingine asirukwe mtoto. Mwisho kuna plagi, ndipo cheche inaporuka na petroli ikawaka. Nimemwacha mmoja pembeni kwa makusudi, kondensa, kwa sababu nataka kumweleza vizuri.

Watu wengi, hata vijana wa gereji, wanadhani cheche inatoka platini zinapogusana. Ni kinyume. Platini zikigusana, umeme unapita kwenye koili na kuijaza nguvu ya sumaku, kimya kimya. Cheche inatoka pale zinapoachana.

Umewahi kufunga bomba la maji ghafla ukasikia paipu zinagonga ukutani? Maji yalikuwa yanakimbia, ukayazuia kwa mara moja, ule mwendo wao haukuwa na pa kwenda, ukapiga paipu. Msukumo wa pigo lile ni mkubwa kuliko ule wa maji yalipokuwa yakitiririka. Koili inafanya hivyo hivyo. Ina waya wa aina mbili uliozungushwa kwenye chuma kimoja: mmoja mnene wenye mizunguko michache, mwingine mwembamba kama unywele wenye mizunguko maelfu. Umeme ukikatwa ghafla kwenye ule mnene, sumaku iliyokuwa imejaa inaanguka, na anguko hilo linazaa pigo la maelfu ya volti kwenye ule mwembamba. Neno kubwa hapo ni ghafla. Ukifunga bomba polepole, paipu hazigongi.

Sasa kondensa. Platini zinapoanza kuachana, umeme hautaki kukatika; unataka kuruka kwenye ule mwanya mdogo, kama abiria anayeng'ang'ania mlango wa daladala iliyokwisha kuondoka. Ukiruka, mambo mawili yanaharibika: platini zinaungua, na ule mkato unakuwa wa polepole, kwa hiyo cheche inakuwa dhaifu. Kondensa inaumeza ule msukumo wa mwisho ili mkato uwe safi. Ndiyo maana ukifungua distribyuta ukakuta platini nyeusi zenye shimo upande mmoja na kichuguu upande wa pili, usikimbilie msasa peke yake. Mtazame kondensa kwanza. Ni kidude kidogo, cha bei ndogo kuliko vyote, nacho ndicho kinacholaumiwa mwisho wakati mara nyingi kilistahili kulaumiwa mwanzo.

Mpangilio huu ni kazi ya Mmarekani Charles Kettering, na uliingia kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1910. Umedumu kwa sababu ni mwepisi kuelewa, na mtu mwenye bisibisi, kipande cha msasa na fila geji, vile vibati vya kupimia mwanya, anaweza kuutengeneza akiwa majini. Nawaomba mkumbuke hilo tutakapofika kwenye elektroniki.

Tukishajua cheche inatokaje, linakuja swali gumu zaidi: itoke lini? Hiyo ndiyo taiming, na ndipo watu wengi wanapopotea.

Fikiria wanawake wawili wanaotwanga mpunga kwenye kinu kimoja. Mmoja anainua mchi, mwenzake anashusha. Ukiwatazama kwa mbali unaona wepesi tu, lakini mmoja akiwahi nukta moja, michi inagongana na mikono inapigwa ganzi. Akichelewa, anatwanga makapi. Ndani ya silinda pistoni inapanda ikibana hewa na petroli, na moto unatakiwa uisukume ishuke. Moto ukifika na nguvu zake zote wakati pistoni bado inapanda, vinagongana. Hapo ndipo inapozaliwa sauti ya kugonga unayoisikia injini ikielemewa. Moto ukichelewa, pistoni imeshaanza kushuka, nguvu inapotea na joto linaishia kwenye ekzosi.

Lakini petroli haiwaki yote kwa mara moja. Kutoka cheche iruke mpaka moto ukolee silinda nzima panapita kama sehemu 2 kati ya 1,000 za sekunde. Ni muda mdogo, ila injini nayo haisubiri. Kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, mzunguko mmoja unachukua sehemu 20 kati ya 1,000 za sekunde, kwa hiyo wakati moto unakolea shafti imeshazunguka digrii 36. Kwenye sailensa, yaani injini ikinguruma bila resi, ya mizunguko 800, muda ule ule ni kama digrii 10 tu. Kwa hiyo cheche lazima itangulie, na kadiri injini inavyokimbia ndivyo inavyotakiwa kutangulia zaidi. Kazi hiyo inafanywa na vyuma viwili vyenye springi vilivyofichwa ndani ya distribyuta, chini ya platini, ambavyo hufunguka kwa nguvu ya mzunguko. Kwenye boti iliyokaa muda mrefu vyuma hivyo huganda kwa kutu. Fundi anapanga taiming vizuri kabisa kwenye sailensa, boti inatoka, nahodha anaongeza resi, cheche inabaki pale pale, injini inakuwa nzito kama imefungwa jiwe. Kisha wanalaumu kabureta.

Hapa ndipo napenda watu wa nyanda zetu wanisikilize kwa makini, kwa sababu jambo hili haliko kwenye vitabu vya injini vilivyoandikwa kwa watu wa pwani. Mbeya mjini tuko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Ukipakia injini kwenye gari ukashuka nayo Uyole, Tukuyu, mpaka Kyela, umeiteremsha zaidi ya mita 1,200, na hewa inayoikuta kule ni nzito kwa takriban sehemu moja ya kumi kuliko ile ya kwenye gereji. Hewa nzito inamaanisha mbano mkubwa ndani ya silinda. Mbano ukiwa mkubwa, cheche inahitaji volti nyingi zaidi ili iruke mwanya ule ule wa plagi. Na moto nao unakwenda kasi zaidi, kwa hiyo taiming iliyokuwa tamu Mbeya inaweza kuwa imewahi mno ziwani. Kabureta iliyopangwa juu nayo inatoa petroli kidogo kwa hewa ile nzito, na mchanganyiko mkavu unawaka kwa shida na kwa joto kali.

Halafu ongeza hili. Gereji wanaiwasha injini ikiwa juu ya stendi, haina mzigo. Kibati cha kabureta kimefunguka kidogo tu, hewa inayoingia ni haba, mbano ni mdogo, hata cheche mgonjwa inaruka. Kule ziwani pangaboi linasukuma maji tangu unapotoka mpaka unapofika. Gari lina mteremko, lina mahali dereva anaachia mafuta. Boti haina mteremko. Inapanda mlima wa Kitonga kutoka mwanzo hadi mwisho wa safari.

Sasa niseme habari ya boti moja ya Matema. Mzee mwenye nayo anapakia watu na mizigo kwenda vijiji vya kando ya ziwa ambako barabara haifiki, na siku za Jumamosi anarudi na vyungu vya Wakisi kutoka Ikombe kwa ajili ya soko la Lyulilo. Injini ni ya petroli, silinda nne, ameikuta kwa mwenyewe wa kwanza. Aliipeleka gereji moja mjini, ikafunguliwa, ikasafishwa, ikawashwa juu ya stendi mbele ya macho yake, ikaunguruma vizuri. Akalipa. Alipoifunga kwenye boti na kupakia, mita mia mbili kutoka ufukweni ikaanza kumisi, yaani kuruka mapigo. Akipunguza resi inatulia. Akiongeza inamisi na kupiga mlipuko mdogo kwenye kabureta. Alishabadilisha plagi na koili nilipofika.

“Ugonile, fundi,” alinisalimia kwa Kinyakyusa, na kabla sijajibu akaniwekea ile koili mpya mkononi. “Hii hapa. Na hii niliyoitoa nayo ilikuwa mpya.”

Nilianza na kipimo ambacho hakina mbwembwe. Funguo wazi, injini haizunguki, platini zimefungana, mita kati ya nguzo chanya ya koili na hasi ya betri. Betri ilikuwa na volti 12.4. Kwenye koili zikafika volti 8.9. Hapa lazima niweke tahadhari: baadhi ya injini zina resista maalumu inayopunguza umeme wa koili kwa makusudi wakati injini inatembea, na kwa hizo volti 7 hadi 9 ni sawa. Ya mzee haikuwa nayo. Kwa hiyo volti tatu na nusu zilikuwa zinapotea njiani, na tukazikuta nyuma ya swichi ya funguo, kwenye kiungio kilichoota ukungu wa kijani.

Volti tatu na nusu zinaonekana ndogo. Lakini nguvu inayojazwa kwenye koili haipungui sawasawa na umeme. Inapungua kwa mraba wake. Ukipeleka volti 8.9 badala ya 12.4, umepoteza zaidi ya robo ya umeme, na cheche yako imebaki na karibu nusu tu ya nguvu yake. Inaonekana kwa macho, ndiyo. Ukiishika plagi nje, inaruka, buluu kidogo, unafurahi. Ndani ya silinda iliyobanwa, kwenye hewa ya Kyela, pangaboi likiwa kazini, haifiki. Ndiyo maana maneno “cheche naiona” hayatoshi, na ndiyo maana koili mbili mpya hazikusaidia kitu.

Kisha nikafungua kofia ya distribyuta. Nikaipangusa, nikaigeuza kwenye jua, nikaizungusha polepole. Ndani, kati ya miguu ya silinda mbili, palikuwa na mstari mweusi mwembamba kuliko unywele, wenye matawi madogo kama mzizi wa nyasi. Nikaukwaruza kwa ukucha, hautoki. Huo ni mkaa. Siku moja unyevu uliingia, umeme ukapata njia ya mkato juu ya plastiki, ukaichoma, na tangu hapo njia ile ikawa barabara. Kila mzigo unapoongezeka na plagi ikahitaji volti nyingi, cheche inaona afadhali ipite pale. Nikampa mzee aitazame. Aliisogeza karibu sana na jicho, akaishusha, akasema kwa sauti ndogo, “Kwa hiyo ndiye huyu.” Kofia ya namna hiyo haitengenezeki. Unainunua nyingine.

Hapa nijibu na wale wanaosema ziwa letu halina chumvi kwa hiyo waya za boti haziozi. Ni kweli Ziwa Nyasa ni maji baridi, na ni neema kubwa. Lakini Kyela na Rungwe ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, na tumbo la boti halikauki. Ule ukungu wa kijani kwenye shaba hauhitaji chumvi. Unyevu, hewa na muda vinatosha. Viungio vya boti vibane kwa koleo lake, uvifunike kwa mpira unaosinyaa kwa moto, uvipake grisi. Waya mbili zilizosokotwa kwa vidole na kufungwa selotepu ni ahadi ya kukwama.

Baada ya hapo niliinua macho, nikaona kitu kilichonitia hofu kuliko kumisi kwa injini. Juu ya kabureta palikuwa na chujio la hewa la gari, la karatasi. Na stata ilikuwa ya gari, yenye matundu ubavuni.

Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu ndilo jambo kubwa kuliko yote katika kurekebisha umeme wa boti ya petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Kwenye gari, petroli ikivuja, mvuke unaanguka barabarani na upepo unaupeleka. Boti ni beseni. Mvuke unashuka mpaka kwenye ngama, sehemu ya chini kabisa yanapokusanyika maji, unalala pale kama ukungu wa asubuhi unavyolala mabondeni Uyole, na haupandi wenyewe kutoka. Ukifika kiasi cha asilimia 1.4 tu ya hewa iliyopo, cheche moja inatosha kuulipua. Kwa sababu hiyo, vifaa vya boti vinafanana na vya gari kwa sura lakini si ndugu. Distribyuta ya boti ina wavu mwembamba kwenye vitundu vyake vya kupumulia, ili cheche ya ndani isiwashe mvuke wa nje. Stata na alteneta za boti zimefunikwa kwa sababu hiyo hiyo. Brashi zao hutoa cheche kila stata au alteneta inapozunguka. Na mdomo wa kabureta hauvai chujio la karatasi, unavaa kizuia moto cha chuma chenye matundu madogo madogo, ili injini ikipiga mlipuko nyuma, moto upozwe ndani ya chuma usitoke. Marekani sheria inakitaka kizuia moto hicho kwenye kila injini ya ndani ya petroli iliyofungwa baada ya tarehe 25 Aprili 1940. Sasa injini ya mzee ilikuwa inapiga milipuko kwenye kabureta, juu yake kuna karatasi, chini yake kuna ngama, na ndani ya boti watu na watoto.

Aliyefunga vile hakuwa na nia mbaya. Alifanya anachokifanya kwenye magari kila siku, na kipuri cha gari kinapatikana Mwanjelwa saa hiyo hiyo wakati cha boti kinaweza kuagizwa hata mwezi mzima. Lakini akitaka kukufungia cha gari kwa sababu “ni kile kile”, mkatalie, hata kama boti italala. Na kabla ya kuwasha injini yoyote ya ndani ya petroli, fungua mfuniko wa chumba chake, inama, nusa kwa pua yako. Kama kuna feni ya kutolea hewa, iache izunguke dakika 4 nzima. Ukisikia harufu, usiguse funguo. Na kupima cheche kwa kuishika plagi juu ya injini, kama tunavyofanya kwenye pikipiki, usikufanye kamwe ndani ya boti ambayo hujaipitisha hewa.

Tukija kwenye elektroniki, ninachopinga ni ahadi zake, si kifaa chenyewe. Kinachobadilishwa ni platini na kondensa tu. Mahali pake unafunga kipete chenye sumaku kwenye shafti ya distribyuta, na kando yake kihisio kinachotambua kila sumaku inapopita, kisha kinakata umeme wa koili badala ya platini. Msingi wa vihisio vingi vya aina hiyo ni jambo aliloligundua Edwin Hall mwaka 1879, la sumaku kusukuma umeme pembeni ndani ya chuma. Faida yake ni ya kweli. Platini zina kile kisigino cha plastiki kinachosuguana na shafti. Kinalika taratibu, mwanya unapungua, cheche inachelewa kidogo kidogo, na hujui mpaka injini imekuwa mvivu. Kihisio hakigusani na kitu, kwa hiyo taiming uliyoipanga leo ndiyo utakayoikuta mwakani. Injini ya silinda nne kwenye mizunguko 3,000 inataka cheche 100 kila sekunde, na hapo platini chakavu zinaanza kuyumba, kihisio hakiyumbi.

Lakini haiongezi nguvu za farasi kuliko platini zilizopangwa vizuri. Haitibu kofia yenye mkaa. Haifungui vyuma vya taiming vilivyoganda, maana vinabaki vile vile chini yake. Na umeme ukiwa mdogo, ndiyo kwanza inakuwa na kisirani zaidi: platini zikipata volti 9 zitatoa cheche dhaifu, kihisio kinaweza kukataa kabisa, hasa stata inapoivuta betri chini wakati wa kuwasha. Yule mzee angefunga elektroniki juu ya kile kiungio cha kijani, angekuwa na boti isiyowaka kabisa badala ya boti inayomisi. Kugeuza waya za betri mara moja tu kunaweza kukiua. Kuacha funguo wazi injini imezimika nako kunaweza kukiunguza, pamoja na koili. Na koili lazima iwe na ukinzani ule ulioandikwa kwa ajili ya kihisio. Ile koili kubwa ya mashindano ina ukinzani mdogo, inavuta umeme mwingi kuliko kihisio kinavyoweza kubeba. CDI ya pikipiki, kile kidude chake cha elektroniki cha cheche, ndiyo usiilete kabisa hapa, ni mfumo mwingine wenye koili yake.

Platini zikifa, zinakufa kwa kulalamika: injini inakuwa nzito, inamisi, inasumbua kuwaka asubuhi. Unapata siku kadhaa za kujiandaa. Kihisio kikifa, kinakufa palepale, na hakuna msasa utakaokufufulia. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: tengeneza kwanza njia ya umeme kutoka betri hadi koili, kofia, rota (kile kinachozunguka chini ya kofia kugawa cheche), waya za plagi na athi ya injini, yaani waya wake wa kurudi kwenye hasi ya betri. Panga mwanya wa platini kwa fila geji; injini nyingi za silinda nne zinataka karibu milimita 0.4, ila kitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho. Na panga taiming baada ya mwanya, si kabla, kwa sababu ukigusa mwanya umeigusa na taiming. Injini ikishatembea vizuri hivyo, ukitaka elektroniki, funga, ya boti.

Kwa mzee tulifanya hivyo kwa siku mbili, vipuri vilipokwisha kufika. Waya mpya kutoka kwenye swichi, kofia na rota za boti zilizochukua wiki tatu kufika, kizuia moto cha chuma kwenye kabureta, stata yake ya zamani ya boti ikafungwa brashi mpya na kurudishwa mahali pake. Kabureta tukaipanga pale pale ufukweni. Taiming tuliipanga jioni, boti ikiwa majini, kwa sababu kwenye kiza alama za gurudumu zinaonekana vizuri chini ya tochi ya taiming. Tukairudisha nyuma digrii 4 kutoka pale gereji walipoiacha. Asubuhi tukatoka nayo ikiwa na magunia ya mpunga, nami nimekaa karibu na injini, sikio chini. Kwenye boti kelele ya maji na ekzosi inaficha sauti ya kugonga, na injini inaweza kutoboa pistoni nahodha asijue chochote, kwa hiyo ukishapanga lazima mtu akae pale asikilize safari nzima.

Haikumisi. Tulipokaribia Ikombe mzee akaniuliza kuhusu elektroniki, maana alikuwa ameshaweka akiba kwa ajili yake. Nikamwambia ainunue kama anaipenda, lakini platini na kondensa atakazozitoa azipange zikiwa bado kwenye sahani yake, kile kibati zinapofungwa ndani ya distribyuta, azifunge kwenye mkebe mkavu pamoja na bisibisi na fila geji, mkebe ukae chini ya kiti chake. “Nikizimikiwa?” “Unatoa kihisio na kipete chake, unarudisha sahani, bolti mbili na waya moja. Dakika ishirini.” Akaniomba nimfundishe pale pale. Tukafunga boti kwenye jiwe, akafungua na kufunga mara tatu, mara ya mwisho macho ameyafumba, huku kinamama wa vyungu wakianza kupakia.